Kwesi, Halafu Kobina

Mjomba wangu aliitwa Kwesi kwa muda mfupi tu, kama mtu anavyopepesa jicho, na muda huo ulitosha kunivua nguo mbele ya wafanyakazi wa kiwanda kizima. Nguo zenyewe nilizivaa kwa majivuno, kwa hiyo acha nianze na majivuno.

Tulikuwa watatu katika ofisi ya Madam Dadzie, juu ya duka la vitambaa hapa Takoradi. Madam alitutafutia kazi, mimi na Selorm tuliandika programu. Mwaka ule kiwanda cha mbao cha Anokyi kilitaka mashine ya mahudhurio langoni: mfanyakazi aweke kidole, skrini ioneshe jina, idara na saa aliyoingia. Mkurugenzi akaongeza ombi lake. Hakutaka skrini imwite mtu Emmanuel au Gladys kama faili lilivyoandika. Alitaka imsalimie kwa jina la nyumbani, la siku ya wiki aliyozaliwa.

“Nani kwenu anaitwa Gladys mezani?” alituuliza.

Ugomvi wangu na Selorm ulianzia hapo. Selorm ni mtu wa mji wa Ho, mpole, na skrini zake huzijenga kwa amri. Huiambia mashine hatua kwa hatua: andika jina hapa, futa lile la zamani, geuza rangi iwe kijani, sasa weka saa. Ni kama kusimama nyuma ya fundi cherehani ukimwambia kata hapa, kunja pale. Mimi ni mtu wa kanuni. Napeleka vipimo, kanuni inatoa nguo nzima. Vipimo vilevile, nguo ileile, leo na mwakani, na hakuna anayeruhusiwa kuingia katikati na mkasi. Nguo ikitoka mbaya, ninajua pa kutazama: ama vipimo si vya kweli, ama kanuni ina kosa. Hakuna mahali pa tatu.

“Sasa hayo majina ya siku tunayatoa wapi?” Selorm aliuliza. “Mafaili hayana.”

“Yana tarehe za kuzaliwa. Tarehe inatoa siku, siku inatoa jina. Asiyetumia majina hayo anabaki na jina la faili. Basi.”

“Araba, waulize watu. Weka kisanduku, karani aandike jina analoambiwa, twende nyumbani.”

“Karani! Akikosea herufi?”

“Atafuta, ataandika tena. Ndiyo raha ya kuamrisha, bibie.”

“Kinachokokotoleka hakihifadhiwi, Selorm. Nilifundishwa hilo mwaka wa kwanza.”

“Na mwaka wa pili wakakufundisha nini, kutusimanga?”

Madam Dadzie alicheka hadi akamwaga chai. Mimi sikucheka. Nilisimama ubaoni nikahutubia robo saa, na katika hotuba ile nililitumia neno “uchafu” nikimaanisha kazi ya mwenzangu, kazi iliyotulisha sote kabla sijaajiriwa. Selorm alinisikiliza, akafunga daftari lake. “Haya, profesa. Kanuni na iwe.”

Wiki iliyofuata kiwanda kikatuletea orodha: watu mia nne na kumi na wawili, namba zao, idara zao, tarehe zao. Niliwajaribu mmoja mmoja kwa furaha ya mtu anayefungua zawadi, skrini ikimkaribisha kila mmoja kwa lugha ya kwetu. Akwaaba, Ekua. Akwaaba, Kojo. Akwaaba, Esi. Kisha nikaitafuta namba 0217, maana 0217 alikuwa wa kwetu.

Msimamizi wa ghala la Anokyi alikuwa Kobina Arhin, kaka wa mama yangu. Kaka wa mama tunamwita Wofa, naye alikuwa Wofa wa kila mtu pale kiwandani, hata wasio na tone la damu yetu. Ndiye aliyenisomesha baada ya baba kuondoka. Siku nilipoingia chuoni, alilibeba sanduku langu kichwani mwenyewe hadi mlangoni mwa bweni, na vijana waliotaka kumpokea akawafukuza. Mimi ni Araba, yeye ni Kobina, sote wa Jumanne. Alikuwa akiniambia, “Sisi wa Jumanne hatuna maneno mengi,” kisha anaongea saa nzima.

Niliandika 0217. Skrini ikaandika: Akwaaba, Kwesi.

Kwesi ni mtu wa Jumapili. Nilicheka, nikadhani kanuni yangu imeteleza. Nikaijaribu kwa tarehe yangu, ikatoa Araba. Nikaijaribu kwa ya mama, ikatoa sawa. Nikafungua kalenda ya simu. Tarehe kumi na nne Machi, 1965: Jumapili. Vidole vikaanza kurudi nyuma vyenyewe. Mwaka 1964, Jumamosi. 1963, Alhamisi. 1962, Jumatano. 1961, Jumanne.

Moja inageuka tano kwa urahisi sana, kalamu ikiwa ya rangi ileile. Wofa alikuwa na miaka sitini na miwili. Faili lilisema hamsini na minane. Kustaafu ni sitini.

Kanuni haikuwa na kosa. Vipimo ndivyo havikuwa vya kweli.

Jumapili baada ya ibada nilikwenda kwake. Alikuwa anakula kenkey na samaki wa kukaanga uani, kifua wazi, redio ikimsemea mpira.

“Wofa, ulizaliwa mwaka gani?”

“Mwaka ambao mama yako alikuwa bado hajaja kunisumbua. Kaa ule.”

“Mashine yetu inakuita Kwesi.”

“Kwesi gani?”

“Wewe. Tarehe ya kwenye faili ni ya Jumapili.”

Mkono wake ulisimama juu ya pilipili. Akapunguza redio. Akaniangalia kama fundi anavyoangalia ubao ambao hakutegemea upasuke.

“Nilibadilisha mwaka tu,” alisema. “Siku na mwezi nikaviacha. Nani angekaa kuhesabu siku za wiki?” Hakuonekana ameshtuka sana, nadhani zaidi alijikasirikia kwa uvivu. “Na usinitazame hivyo. Wakati ule wote walikuwa wanakata miaka. Mwenzangu wa karakana alikata saba. Saba, Araba! Mwanawe wa kwanza akawa kama kamzaa akiwa darasa la tano.”

Nilicheka. Naona aibu kusema, lakini nilicheka.

“Na Sista Mansa?” nikamuuliza. Mansa Otoo alikuwa naibu wake mwaka wa tisa. Ghala lote alilijua yeye. Wofa alilijua lango lake.

“Mansa bado. Atangoja.”

“Ana hamsini na mitatu, Wofa.”

“Basi amezoea.” Akanisogezea kichwa cha samaki, sehemu ninayoipenda. “Hebu niambie, wewe na hiyo mashine, nani anamwamrisha mwenzake?”

“Haiendi hivyo. Ni kanuni, inachukua—”

“Kanuni kaiandika nani? Malaika?”

“Mimi.”

“Ehe. Basi iambie Kobina. Neno moja. Sijakuomba figo.”

Nikala kichwa cha samaki.

Hapa pana jambo ambalo ningependa kuliruka, lakini siliruki. Njia safi ilikuwepo, nayo ilikuwa njia ya Selorm. Tungeweka kisanduku, tungewauliza watu wote majina yao, Wofa angesema Kobina kama watu wote walivyomjua, na siku ya wiki isingehesabiwa na yeyote. Ningemlinda bila kuandika uongo hata mmoja. Lakini Jumatatu asubuhi ningelazimika kumwendea Selorm na kumwambia, ulikuwa sahihi. Mdomo wangu ulikataa kulisema. Ulikuwa tayari kula kichwa cha samaki, kucheka na kunyamaza, lakini hilo haukuliweza.

Kwa hiyo nilifungua programu nikashuka chini kabisa, chini ya kanuni zote, nikaandika mstari mmoja: kanuni ikishamaliza kuchora jina kwenye skrini, kama namba ni 0217, futa Kwesi, andika Kobina. Amri tupu, tena ya kujificha. Kompyuta yangu ni ya kasi, Kwesi hakuonekana hata kidogo. Nilijaribu mara kumi, Kobina mara kumi. Nikajiona mjanja.

Siku ya uzinduzi wafanyakazi wa zamu ya asubuhi walipangwa langoni kama watu wa ekaristi. Mkurugenzi alikuja na koti. Madam Dadzie alivaa kitambaa chake cha sherehe. Selorm alikuwa ameshika waya ukutani, kwa sababu soketi ilikuwa imelegea. Skrini yetu ilikuwa kubwa, kila mtu aliiona, ila mashine iliyoiendesha ilikuwa kuukuu na ya polepole. Kiwanda kiliitoa stoo ili isikae bure. Sikuwa nimejaribu kwenye mashine ile.

Mambo yalianza vizuri. Mtu anaweka kidole, jina lake linatokea kubwa, wenzake wanapiga kelele. “Ato! Kumbe we ni Ato, siku zote tunakuita Benjamin!” Wanawake wa idara ya ukaushaji walicheza kidogo kila jina lilipotoka. Mkurugenzi alikuwa anatabasamu hadi ufizi.

Kisha wakasema Wofa apite, mzee wetu apite. Akapita na miwani yake na kalamu mbili mfukoni. Akaweka kidole.

Akwaaba, Kwesi.

Halafu, baada ya muda wa kumeza mate: Akwaaba, Kobina.

Kikazuka kicheko.

“Wofa! Majina mawili kama mchezaji wa timu ya vijana!”

“Rudia! Rudia tuone!”

Walimrudisha. Walidhani ni mchezo. Kidole: Kwesi. Kobina. Mara ya tatu alikuwa anatoka jasho, nami nilikuwa nyuma ya meza nikiomba umeme ukatike. Umeme wa Takoradi, unaokatika bila kuombwa, siku hiyo ulikaa.

Mtu mmoja tu hakucheka. Sista Mansa alikuwa amesimama pembeni na daftari la ghala kifuani, vidole vyake vinagusana kimoja kimoja na kidole gumba.

“Kwesi ni Jumapili,” alisema, si kwa sauti kubwa. Lakini waliokuwa karibu naye waliacha kucheka, kisha waliokuwa karibu na hao.

Mkurugenzi akanigeukia. “Binti, hii ni nini?”

Na mimi, mwenye hotuba ya robo saa, mtu wa kanuni, nikasema: “Ni upande wa kuchora, bwana mkurugenzi. Mashine ya langoni ameishughulikia Selorm.”

Nililisema wazi, na kidole nikakinyoosha.

Selorm aliniangalia. Alikuwa bado ameushika ule waya. “Nitaangalia, bosi,” akasema.

Njia nzima ya kurudi ofisini Madam alinena kwa niaba yetu sote. Tulipofika, Selorm alikaa, akashuka hadi chini ya programu, akaigeuza kompyuta ili niione.

“Huu mwandiko wangu?”

Nikatikisa kichwa.

“Araba, mimi nikitoa amri naitoa mchana, kila mtu anaiona. Ndio huo uchafu wangu.” Aliongea taratibu, kama anayemweleza mtoto njia ya dukani. “Yule ni mjomba wako, sivyo?”

“Ndiye.”

“Nikiufuta mstari huu, mjomba wako ni Kwesi, na kila mwenye akili atauliza. Nikiuacha, mimi ndiye fundi asiyeweza kuandika jina la mtu mmoja. Sema wewe.”

Madam Dadzie akaingia na simu mkononi. Mkurugenzi alitaka barua kesho kabla ya saa sita. Kama mashine ndiyo yenye kosa, aliyekosea aondolewe kwenye kazi ile, asionekane tena Anokyi. Kama si mashine, aambiwe ni nini. Wofa naye alikuwa ameshanitumia ujumbe: Sema ni mashine. Mashine haina mke wala watoto.

Selorm ana mke na watoto wawili. Mkubwa ananiita shangazi.

Sikuandika siku ile. Asubuhi niliandika mistari minne tu. Mfumo hauna kosa. Kanuni inatoa jina kutoka kwenye tarehe iliyo katika faili. Mstari ulioficha jina la kwanza niliuongeza mimi, Araba Quaicoe, bila mwenzangu kujua. Nimeufuta. Juu ya Wofa sikusema neno. Wenye mafaili walikuwa na kalenda zao. Madam aliisoma barua akavua miwani. Hakunifukuza. Alisema, “Utaipeleka kwa mkono wako na utaisoma kwa mdomo wako,” na nadhani kufukuzwa kungekuwa nafuu.

Niliisoma mbele ya mkurugenzi, karani wa mafaili, Selorm, na Sista Mansa aliyeitwa kwa ajili ya ghala. Wofa alikuwa amesema anaumwa. Sauti yangu ilikuwa ya mtu mwingine, ya mtu mdogo. Nilipomaliza nilimgeukia Selorm palepale nikamwomba radhi kwa neno nililolisema langoni na kwa neno nililolisema ubaoni. Aliitikia kwa kichwa. Baadaye nje alisema, “Chale, rafiki yangu, ile hotuba ya ubaoni nilikuwa nimeisamehe. Ya langoni itachukua muda.” Mpaka leo bado inachukua.

Sista Mansa nilimfuata hadi ghalani. Nilimwomba radhi pia. Alikuwa anahesabu misumeno, hakuacha kuhesabu.

“Nilijua,” alisema. “Mwaka wa tatu tu nilishajua. Lakini mimi ningesema, ningekuwa mwanamke anayekitamani kiti cha mzee. Nikafunga mdomo. Wewe ulijua lini?”

“Jumapili ile, kabla ya uzinduzi.”

“Jumapili hiyo mimi nilikuwa kanisani naomba Mungu anipe subira.” Akaandika kitu daftarini. “Ungeweza kuja kunisaidia kuomba.”

Nilitoka pale nikiwa sina pa kuweka uso. Ningekuwa na uwezo wa kuuvua ningeuacha juu ya rafu.

Wofa alistaafishwa mwisho wa mwezi, bila sherehe. Kiti akakikalia Mansa. Mimi na Selorm tuliweka kisanduku, tukapita idara zote na daftari tukiuliza, unaitwa nani? Watu thelathini na mmoja walikuwa na jina la siku ambayo hawakuzaliwa: wengine la babu, wengine la nesi aliyewazalisha mama zao, mmoja la mbwa aliyemwokoa baba yake. Kanuni yangu isingeyajua hayo hata ikae miaka mia. Skrini bado naijenga kwa kanuni, lakini majina nayauliza.

Kisha mama akanipigia. Wofa ametaka kikao cha nyumbani. Anataka nije na chupa ya shnapsi, kinywaji cha kuombea radhi, nipige magoti, nimwombe radhi mbele ya ukoo, ndipo atakubali kuniita tena mtoto wa dada yake. Chupa mama alikuwa ameshainunua.

Nilikwenda. Uani walikuwa wamekaa duara, na Wofa kwenye kiti chenye mikono. Alikuwa amekonda. Nilipomwona nilitaka kukimbia, kwa sababu ni mimi niliyempitisha kidole mara tatu mbele za watu, na jasho lile nililiona.

“Nilikubeba,” alisema. “Sanduku lako lilikuwa na vyuma ndani, sijui ulipakia nini. Nilikubeba, nawe ukanianika kama samaki.”

“Ni kweli, Wofa.”

“Kobina Arhin. Miaka thelathini na minne kiwandani. Sasa watoto wa mtaani wananiita Kwesi Jumapili.”

Mtu alicheka nyuma, akajifanya anakohoa. Mama alinisukumia chupa mguuni.

“Piga magoti, mwanangu, yaishe,” alininong’oneza. “Neno moja tu.”

Nilipiga magoti. Magoti nilikuwa nayo, kwa heshima ya sanduku lile na kwa heshima ya mlo wote niliokula kwake. Chupa nikaiweka miguuni pake. Watu wakalegea, wakaanza kutafuta glasi.

“Sema basi,” Wofa akasema.

“Nina aibu, Wofa. Nilijua nikacheka. Nilijua nikaficha, na nilipobanwa nikamsukumia asiyehusika. Aibu hiyo yote ni yangu na simgawii mtu.”

“Vizuri. Na radhi?”

“Niliowakosea nimeshawaomba.”

“Na mimi?”

Mama akanifinya bega.

“Wewe sikuombi, Wofa.”

“Unasemaje?”

“Nimesema sikuombi radhi.”